Salamu za Ng'ambo ya Kijito

Kule Karurumo, Winfred alijulikana kwa maringo. Ukimpungia mkono kutoka ng'ambo ya kijito, anapita kama gavana. Kumbe macho yake hayakufika huko, na miwani aliionea aibu. Jirani yake, Mama Njeru, alishachoka kumsalimu.

Siku chache baada ya upasuaji wa macho kwa leza, Winfred alisimama langoni. Dunia bado ilikuwa na ukungu, na akauliza kwa hofu: je, kama itabaki hivi?

"Daktari alisema polepole," kaka yake Kivuti akamwambia. "Hata ndizi haiivi siku moja. Na usisugue macho."

Hapo akaona kitambaa cha manjano ng'ambo, katikati ya mtama. Akapunga mikono yote miwili. "Mama Njeru, umeamkaje?"

Kivuti alicheka hadi akaegemea lango. "Dada, unasalimia sanamu la kufukuza ndege."

Winfred alitamani ardhi immeze. Lakini kando ya sanamu, Mama Njeru, aliyekuwa ameinama akipalilia, akajiinua. Akapunga mkono.

"Nimeamka salama, mwanangu. Leo umeniona."

Winfred akauona mkono, akaliona hata jembe. Machozi yakamjia, na Kivuti akamshika mikono asisugue.