Lori Lililokuja na Nne Zake

Shule nimeingia nne, sikumaliza hata moja. Ya Rujewa niliacha darasa la tatu nikafuata ng'ombe. Ya Mgololo niliacha la sita nikafuata malori. Sasa nina miaka sitini na nane, na hapa Ipogolo, kwa Mwalimu Shamsha, nasomea mtihani wa kidato cha nne pamoja na watu wazima wenzangu kumi na mmoja.

Siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikuwa Ijumaa. Wenzangu wote mwalimu alishawapitisha, nikabaki mimi.

"Mzee Asukile, hesabu zako hazinitishi," akaniambia. "Miguu yako ndiyo inanitisha. Huo mkoba kila siku uko mlangoni, umefungwa."

"Nipime, mwalimu."

Akaandika ubaoni. Lori linatoka mjini kushuka Ipogolo. Linapofika kwenye mteremko lina kasi ya mita nne kwa sekunde. Mchapuko wake haubadiliki: kila sekunde kasi inaongezeka nusu mita kwa sekunde. Baada ya sekunde ishirini litakuwa na kasi gani?

Nikacheka moyoni. Malori? Nimekuwa utingo miaka kumi na saba. Nikashika chaki: nusu mara ishirini, kumi. Nikaandika kumi, nikapiga mstari chini yake.

Jackline, fundi cherehani anayekaa mbele, akakohoa. "Babu, lori lako limelala hapo juu?"

"Lori linaanzia sifuri," nikamjibu. "Mimi ndiye niliyekuwa natoa jiwe chini ya gurudumu. Natoa, linaanza polepole, nalikimbilia, nadandia nyuma."

Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, maana nilishaanza kuliona kosa langu. Hili lori hakuna aliyelisimamisha. Jiwe nililiweka mimi, kwa mazoea tu. Lenyewe lilikuwa linatembea tangu huko mjini, likafika kwenye mteremko na nne zake.

Nikarudi ubaoni. Nne lilizokuja nazo, ongeza kumi za mteremko.

"Kumi na nne," nikasema. "Karibu kilomita hamsini kwa saa. Hapo hudandii, Jackline."

"Mimi nilishashuka kituo cha juu, babu."

Mwalimu akatoa fomu, akajaza jina langu. Sahihi hakutia. Akatazama mlangoni. Mtihani ni Novemba, na sisi tulikuwa mwezi wa pili. Tangu niote ndevu sijakaa mahali pamoja miezi tisa.

Nikauendea mkoba, nikaufungua mbele yao. Mashati mawili, bakuli, sweta.

"Nitafutie msumari, mwalimu. Nitundike sweta."

Akacheka, akatia sahihi, kisha akanionyesha msumari nyuma ya ubao. Nikalitundika. Halikukaa hata dakika tano: Jackline aliona kiwiko kimetoboka, akalitungua, akaondoka nalo kwenda kulishona.