Sauti ya Baba kwa Kasi Yake

Mama alikuwa amebakiwa na sikio moja, na daktari alishamwambia kwamba hilo nalo linaaga. Ndipo alipotoa kabatini kanda pekee yenye sauti ya Baba, akampa mdogo wake, mjomba wangu, fundi wa redio. "Nitafutie namna nimsikie," alisema, "kabla halijaziba kabisa."

Mjomba hana kinasa sauti kinachofanya kazi. Ana maiti za vinasa sauti. Aliunga kimoja kutoka vitatu, na puli ya mota, kile kigurudumu kinachovuta mkanda wa mpira, akaichonga mwenyewe kwa macho, maana kwake rula ni ya wanafunzi. Tulipobonyeza, Baba alitoka na sauti ya kitoto, anaongea kama anayefukuzwa na mbwa. Mama alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Usijali, dada," alisema Mjomba. "Naipiga tupa, inapungua mwendo. Wewe sema tu."

Hapo ndipo walipoharibu. Mjomba anakwangua, Mama anasikiliza, anatikisa kichwa. "Bado. Alikuwa mzito zaidi." Anakwangua tena. "Ongeza kidogo." Nilikaa pembeni najiumauma, maana mimi ni mwalimu wa fizikia na sina subira na watu wanaopima kwa hisia. Mwisho puli ilikonda, Baba akawa anaongea kutoka chini ya kisima, na chuma kilichokwanguliwa hakirudishwi.

"Sasa mmemuua mara ya pili!" nilifoka. Mama aliinamisha kichwa. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Niliomba tuisikilize tena, safari hii bila kumsikiliza Baba. Nyuma ya maneno yake kulikuwa na mlio: ko, ko, ko. Saa ya ukutani! Ile ile iliyopo sebuleni mpaka leo, inayogonga kila sekunde. Nikahesabu kwa saa yangu ya mkononi. Badala ya milio sitini kwa dakika, kanda ilitoa arobaini na mitano.

"Mjomba, mota yako inazunguka kwa masafa yale yale, raundi zile zile kwa sekunde, ukwangue puli usikwangue," nilimwambia. "Kinachobadilika ni urefu wa mpira inaouvuta kila raundi, na huo unafuata kipenyo cha puli. Sasa tuko robo tatu ya mwendo. Kipenyo ni milimita ngapi?"

Alinuna, lakini akachukua rula. "Kumi na tano."

"Basi chonga ya ishirini. Na usimuulize Mama."

Kesho yake alikuja nayo, ya shaba, inang'aa. Alibonyeza. Saa ya ukutani na saa ya kwenye kanda zikagonga pamoja, ko kwa ko, na nilijisikia mtu wa maana sana. Kisha Baba akasema, "Inanasa kweli hii? Haya, sema na wewe. Mbona unacheka?" Ilikuwa sauti nyepesi, yenye mzaha.

"Siye," alisema Mama.

"Mama, hesabu ndiyo hiyo."

"Nakwambia siye. Huyu ni kijana. Mume wangu ana sauti ya mtu mzima."

Nilitaka kubisha, nikakumbuka kwamba Baba alifariki akiwa na miaka ishirini na sita. Mimi mwenyewe nilishampita zamani. "Alikuwa kijana, Mama," nilisema.

"Kila mwaka nilikuwa nazeeka naye," alisema Mama. "Hata kikohozi cha uzee nilimpa. Kumbe nimezeeka peke yangu."

Roho iliniuma. Mimi, mwenye milimita zangu, ndiye niliyesema, "Tunaweza kuipunguza kidogo, Mama. Iwe nzito kama unavyomkumbuka."

Mama aliweka kiganja juu ya kinasa sauti, pale sauti ilipokuwa ikitetema.

"Mwacheni," alisema. "Mtoto wa watu, mwacheni aongee."