Tanuru Lenye Pua

Mimi ni mchoma matofali wa Izia. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo mambo ya sayansi nilikuwa nayasikia kwa binti yangu Dominika tu.

Klabu yao ya sayansi ilikuwa imejenga tanuru la udongo nyuma ya shule, jembamba, refu kunizidi. Waliiga malungu, yale matanuru ambayo Wafipa wa zamani walitolea chuma kwenye mawe. Moja limebaki karibu na shamba langu kule Mollo. Miaka yote nilidhani ni kichuguu.

Watoto walisema watatoa chuma bila hata mvukuto wa kupulizia moto. Niliwaambia wazi kwamba huo ni upuuzi. Siku ya kuwasha tanuru nilikwenda hivyo hivyo, maana mkuu wa shule, Madam Modesta, alishatoa neno: jioni hiyo chuma kisipoonekana, tanuru linavunjwa, pale panalimwa mahindi, na klabu ndiyo basi. Dominika alishindwa hata kunywa chai.

Walipakia mkaa na mawe mekundu yaliyopondwa, wakawasha kwa chini. Moto uliposhika, wakaenda na mwalimu wao Andwele kuponda mawe mengine. Mimi nikaachiwa udongo wa kuziba nyufa.

Nikaona chini kuna matundu, yamelizunguka tanuru zima. Watoto hawa! Tanuru la matofali hukandikwa lote, moto ukae ndani. Ukiacha tundu, matofali yanatoka mabichi. Nikayaziba yote, nikayalainisha kwa kiganja.

Waliporudi, juu palikuwa panatoka moshi mzito na moto ulikuwa unakufa.

"Nani kaziba?" Dominika akauliza.

"Mimi. Mlisahau."

"Baba! Zile ndizo pua zake!"

"Mzee kalinyonga," akasema Sayi, mwanafunzi wa Kisukuma mwenye mdomo. "Shikamoo mnyongaji."

"Marahaba, funga domo."

Nikapiga magoti, nikaanza kuzibua kwa vidole. "Taratibu mzee, usibomoe ukuta," alisema mwalimu Andwele, lakini sauti yake ilikuwa imeshakata tamaa.

Nikazibua tundu la mwisho. Dominika akasogeza jani kavu la mahindi kwenye tundu. Halikutikisika. Machozi yakamlenga. Nikainama nipulize kwa mdomo, akanishika bega.

"Liache, baba. Hewa ya moto ikipanda, ya baridi lazima iingie nyuma yake. Ndiyo maana tumelijenga refu."

Tukangoja. Jani likatetemeka. Likanyooka kuelekea tundu, halafu likamchomoka vidoleni, likamezwa. Ndani ukaanza mngurumo, kama lori linalopanda mlima mbali. Hakuna aliyepuliza. Nimekaa mbele ya moto maisha yangu yote, na sikuwahi kuuona ukijitafutia hewa wenyewe. Nywele zilinisimama.

Tulililisha mkaa na mawe mchana kutwa. Jioni wakalitoboa tumbo, wakavuta nje bonge jeusi, baya, kama ukoko wa ugali.

Madam Modesta alikuwa ameshafika. "Hicho ndicho chuma? Mbona ni jiwe limeungua?"

Nikapewa nyundo, kwa kuwa nina mikono ya kazi. Nikapiga. Bonge likapasuka vipande kama chupa. Madam akashusha pumzi, akageuka kuondoka.

"Piga tena, baba."

Nikapiga. Vikaruka vipande vingine. Nikapiga tena, na safari hii mlio ukabadilika. Kilichobaki hakikuvunjika. Kilikuwa kiini cha bonge, bado chekundu kwa moto, na chini ya nyundo kilibonyea, kikalala bapa. Nyundo ikanitoka mkononi.

Jiwe halibonyei.

Hata Sayi alisogea kuona. Madam Modesta alirudi, akainama mpaka joto likampiga usoni.

"Mlipuliza kwa kitu gani?"

"Hatukupuliza, Madam," alijibu mwalimu Andwele.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akasimama, akalitazama tanuru kuanzia chini hadi juu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Mkijenga jingine, mtahitaji mkaa kiasi gani?"

Dominika hakumsikia. Alikuwa amechuchumaa, anatazama wekundu ukizima polepole ndani ya kile kipande. Nikachuchumaa kando yake, nikatazama na mimi.