Wakili Mwenye Miwani ya Mama

Nilichokiona kwanza ni macho ya dada. Kila alipojibu maswali ya mazoezi aliyainua darini, kana kwamba majibu yameandikwa huko. Ofisi tatu za mawakili zilikuwa zimeshamkatalia nafasi ya mafunzo, na usaili wa nne ulikuwa kesho. Nikakaa kitandani nimevaa miwani ya mama, nikawa wakili mkuu wa kumsaili.

"Dhamana ni nini?"

Akamwaga maneno ya kitabuni bila kumeza mate.

"Sijaelewa."

"Wakili gani wewe usiyeelewa?"

"Basi mimi mteja. Kaka yangu yuko ndani, nalia hapa. Niambie!"

Akacheka, akanitazama usoni. "Usilie, mdogo wangu. Dhamana ni ahadi. Kaka yako atarudi nyumbani, ila siku ya kesi lazima afike mahakamani."

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo!"

Kesho yake aliingia akipiga vigelegele. Wamemchukua!

"Wameniambia nimweleze dhamana mteja ambaye hakusoma," alisema. "Mwigizaji wangu wewe!"

Nilicheka tu. Niliposema sijaelewa sikuwa naigiza, dada. Shule niliiachia darasa la tano, na siku ile nilitaka kuelewa.