Mifuko Minane ya Mwalimu Rula

Mwalimu Rula alinifukuza darasani mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili nikajifukuza mwenyewe nisimsumbue. Kwa hiyo siku alipoingia kwenye karakana ya shangazi kutaka pochi, nilicheka kimoyomoyo. Mwenye fimbo bado ni yeye, ya kutembelea sasa, lakini mwenye kisu ni mimi.

Shangazi anashona ngozi tangu kabla sijazaliwa. Ana mikono kama koleo na mdomo mkali kuliko mikono. Ananiita Panzi kwa sababu mimi na kiti hatujuani. Miaka mitatu nimeshona pale, na kila pochi iliyotoka ilipigwa muhuri wake, ua dogo. Wiki ile fundi chuma alikuwa ameniletea muhuri wangu mwenyewe: panzi, mdogo kama punje ya mchele. Shangazi akauchukua, akautia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.

"Kazi itakayoingia sasa uifanye peke yako, tangu kukata mpaka kung'arisha kingo. Ikipita, unapiga panzi wako. Isipopita, ataendelea kulala."

Na kazi iliyoingia ikawa Mwalimu Rula.

"Huyu ndiye atakayenishonea?" akamuuliza shangazi.

"Ndiye."

"Huyu alikuwa hajui sifuri ya rula iko upande gani."

"Na wewe ulikuwa huna kitambi," shangazi akasema. "Watu hubadilika. Lete unachotaka."

Akatoa karatasi ya miraba. Alikuwa amechora pochi kwa penseli, mifuko minane ya kadi, minne kila upande, na upana wa kila kipande cha ngozi ameuandika: milimita themanini na sita.

"Kadi ni themanini na tano na nusu," akasema. "Nimeiachia nusu ya kupumulia."

Nikaona kosa hapohapo. Ile themanini na sita ni ngozi yote, ukingo hadi ukingo. Mshono unakula milimita tatu huku na tatu kule. Ndani inabaki themanini. Mtu yeyote aliyekaa mezani wiki moja anajua ngozi unaikata tisini na tano.

"Mwalimu, hapa kwenye upana..."

"Unataka kunifundisha hesabu?"

Sauti ileile. Mpaka masikio yakaniwasha, yalikumbuka vidole vyake.

"Hapana, mwalimu. Nishone kama ilivyochorwa?"

"Kama ilivyochorwa. Usiongeze milimita, usipunguze milimita."

"Ndiyo, mwalimu." Tangu nizaliwe sikuwahi kumjibu kwa adabu vile. Angekuwa na akili angeshtuka.

Nikaishona vizuri ajabu. Mifuko ya kadi haipangwi kama matofali. Ukilaza vipande vinne vizima, pochi inanenepa chini kama imekalia mto. Kwa hiyo mitatu ya nyuma unaikata umbo la fulana: mikono inafika kwenye mshono wa pembeni, mwili unashuka kati na kuishia njiani. Wa mbele peke yake ndio mzima. Kila mmoja unakaa chini kidogo ya mwenzake ili kadi zote zichungulie. Nikanyoa kingo zikawa nyembamba kama karatasi, nikatoboa kwa msharasi, nikashona kwa uzi wa nta, tundu kwa tundu, huku nikipiga mluzi.

Shangazi akaukagua mshono kwa kucha, akainusa pochi, akaguna. Akanitupia ufunguo wa droo, akaenda kununua ngozi. Kawaida hutia kadi, akaipindua pochi na kuitikisa aone kama itaanguka. Safari hii hakutia. Hakufikiria kama kuna fundi, hata mimi, atakayekosea upana.

Nikapiga panzi wangu. Halafu nikakaa kitini, kwa mara ya kwanza mwaka ule, nikamsubiri mwalimu.

Akaja. Akachukua kadi ya maktaba, akaisukuma. Haikuingia. Akaigeuza. Haikuingia. Akatoa rula mfukoni, bila shaka anatembea nayo hata msalani, akapima ngozi. Themanini na sita. Akapima kadi. Themanini na tano na nusu. Mimi nikawa nang'ata ndani ya shavu nisicheke.

"Nipe mkasi," akasema.

Nikadhani anaikata pochi. Akaikata kadi! Akatoa ulimi nje kidogo kama mtoto, akapunguza upande huu, akapunguza upande ule, akaisukuma. Ikaingia.

"Watengeneza kadi wa siku hizi hawana nidhamu," akasema, akaendelea na nyingine. Ya maktaba, ya kliniki, ya chama cha wastaafu, zote nane. Kwenye kitambulisho akajikata sikio la pichani.

Akafika mlangoni, akageuka. "Kijana, hii ni kazi ya kwanza uliyowahi kuifanya kama nilivyokuagiza."

Nikafunga mlango, na kicheko nilichokuwa nimekiweka tayari hakikutoka.

Shangazi akarudi na mzigo wake, akaona vipande sakafuni. Akaokota kimoja.

"Hili sikio ni la nani?"

Nikamsimulia. Nikamwigiza mpaka ulimi. Hakucheka.

"Panzi wako yuko wapi sasa hivi?"

"Kwa mwalimu. Mfukoni."

"Kila akitoa pochi ile, watu watauliza nani kashona. Watasoma nini, ua?"

"Panzi."

"Basi umejitangaza mwenyewe." Akanyoosha mkono, nikampa muhuri. "Ilete pochi ile. Ishone upya, mimi niitikise. La sivyo muhuri huu narudisha kwa fundi chuma auyeyushe, atengeneze msumari. Msumari angalau una kazi."

Mwalimu nilimkuta barazani kwake anasahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu.

"Shikamoo, mwalimu. Pochi ina kosa."

"Haina. Nimeipima."

"Mchoro ndio una kosa. Hukuhesabu mshono."

Akaweka kalamu chini. Akahesabu kwa vidole, tatu huku, tatu kule. Nikamwona anafika kwenye themanini.

"Na wewe ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Ukanyamaza, nikakata sikio langu?"

"Nilitaka kuongea ukaniuliza kama nakufundisha hesabu. Lakini ningeweza kusema tena. Sikusema kwa sababu nilitaka uumbuke."

"Mjinga wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Wawili," akasema, akanipa pochi na kadi zake zote.

Nikakata ngozi mpya, tisini na tano barabara. Shangazi akatia kadi, akapindua, akatikisa. Zote nane zikamwagika sakafuni.

Tukaangaliana. Mifuko ilikuwa sahihi. Kadi ndizo zilikuwa zimekonda! Hapo shangazi akacheka mpaka akakalia ndoo ya gundi.

"Pochi ni ya kadi alizonazo mtu," akasema akifuta machozi. "Siyo za kitabuni."

Nikapima moja moja. Mtu wa rula, alikata kwa macho! Hii sabini na tisa, hii sabini na saba, ya kliniki imeinama kama paa la banda. Nikaanza ya tatu. Upana wa nje nikauacha vilevile, lakini kila mfuko nikaubana kwa mshono wa ndani unaofuata kadi yake, kabla ya kulaza unaofuata juu. Wa kliniki mshono wake ulikwenda mshazari. Mbele kabisa nikaweka kitambulisho.

Shangazi akatikisa. Akatikisa tena kwa nguvu, kama anayeidai deni. Hakuna iliyoanguka. Akafungua droo, akanirudishia muhuri wangu.

Wiki mbili baadaye Mwalimu Rula akarudi na kitambulisho kipya. Cha zamani walikikataa, walisema mwenye picha ana masikio mawili.

"Hiki hakiingii," akasema. Macho yake yakaenda kwenye mkasi.

Nikauficha mkasi nyuma yangu. "Kaa, mwalimu. Nafumua mshono wa ndani."

Akakaa. Akatoa penseli na karatasi ya miraba. Nikamwangalia. Akazirudisha mfukoni.