Inua Kwanza

Mlango wa jikoni ulikuwa umelazwa juu ya stuli mbili uani, na Fundi alikuwa akiupitisha randa ukingoni. Maranda yalitoka yakijikunja, yakamwangukia miguuni. Kila baada ya mikupuo michache alisimama, akapapasa ukingo kwa kidole gumba, akafumba jicho moja na kutazama kama bado pana mgongo, kisha akainama tena. Hata siku ambazo haraka ilitakiwa, na leo ilikuwa mojawapo, mkono wake haukujua kukimbia.

"Fundi," alisema Kinyozi, ambaye alikuwa amekaa kwenye kizingiti akila karanga, "kwa mwendo huo ungekuwa kinyozi, mteja angekaa kwenye kiti na nywele nyeusi, akainuka na mvi."

"Kwako anakaa na masikio mawili, anainuka na moja."

"Ilikuwa mara moja tu! Na sikio lenyewe lilikuwa kubwa."

Walicheka. Kinyozi alikuwa jirani pekee aliyebaki sehemu ile ya mtaa. Duka lake lilikuwa na viti viwili, na siku hizi kimoja kililaliwa na paka kutwa nzima bila mtu kumsumbua. Tangu kiwanda cha kamba kilipofungwa, watu walikuwa wameondoka kidogo kidogo, kama maji yanavyopungua mtungini bila mtu kuona nani amechota. Wengine waliezua mabati yao wakaondoka nayo. Nyumba ya tatu kutoka hapo, sebuleni mlikuwa mmeota mpapai, na ulizaa vizuri kuliko mipapai ya watu wanaoitunza.

"Haya, shika huko," Fundi alisema. Wakaubeba mlango pamoja, wakaurudisha kwenye bawaba zake. Fundi akausukuma kwa ncha ya kidole. Ukaenda wenyewe, kimya, mpaka ukutani.

"Duh," Kinyozi alisema. "Miaka yote naujua mlango huu, sijawahi kuuona una adabu."

Alisema kweli. Nyumba ile ilikuwa imezama upande mmoja tangu zamani, pale mtaro wa maji ya mvua ulipoziba, na fremu zote za milango zilikuwa zimepinda. Ukitaka kufungua mlango wowote ulishika kitasa, ukauinua, ndipo ukausukuma. Watu wa nyumba hiyo walifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyoingiza mguu kwenye ndala. Mgeni ndiye aliyepata shida. Kwa hiyo, kwenye nyumba nyingine ukipiga hodi uliambiwa karibu, lakini hapa, tangu baba yake Fundi alipokuwa hai, jibu lilitoka ndani kwa sauti moja: "Inua kwanza!" Karibu ilifuata baadaye, ukishaingia.

Na hilo ndilo lililowaponza. Mama yao alipokubali nyumba iuzwe, Fundi alipaka chokaa kuta zote, akaziba paa palipovuja, akabadilisha vioo na bomba la uani. Milango hakuigusa. Si kwamba aliona uvivu. Yeye na dada yake walizunguka nyumba nzima wakitafuta kasoro, wakifungua na kufunga, wakiinua na kusukuma, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona kwamba milango ina kasoro. Mnunuzi wa kwanza, bwana mmoja mwenye malori, aliingia chumba cha kati akatazama dari, upepo ukafunga mlango nyuma yake. Wao walikuwa uani wakizungumza. Waliposikia anagonga, ndugu hao wawili waliita kwa pamoja, kama walivyofundishwa: "Inua kwanza!"

"Niinue nini?" bwana yule alipiga kelele kutoka ndani. "Niinue nini jamani?"

Alipotoka shati lilikuwa limemganda mgongoni. Aliaga kwa heshima, wala hawakumwona tena.

Wa pili alikuwa mama mmoja mwokaji mikate, aliyetaka vyumba vikubwa na ua wa kujengea tanuri. Fundi alimwambia wazi kwamba nyumba imezama. Yule mama alitikisa kichwa tu. "Kuzama kidogo si neno. Ila mimi nabeba trei kwa mikono miwili, baba. Mlango nausukuma kwa kiuno. Nikikuta milango yote inasukumika kwa kiuno, hapo tumemalizana." Alikuwa anarudi kesho asubuhi. Baada yake hapakuwa na mtu mwingine aliyeuliza habari za nyumba hiyo, na pengine hangekuwapo.

Na mama yao hakuweza kuendelea kusubiri. Alikuwa anakaa kwa binti yake, ghorofani juu kabisa, na magoti yake yalikwishakataa ngazi. Watu aliwaona kutoka juu, vichwa tu na mabega. Palikuwa na vyumba viwili vinauzwa karibu na hapo, chini, vyenye baraza. Fedha ya nyumba hii ndiyo ingevinunua. Fundi alikuwa amevikagua vyumba hivyo mwenyewe, na usiku wa siku hiyo alilala vizuri, akimwona mama yake barazani anasalimiana na wapita njia. Asubuhi aliamka katika nyumba hii tupu alimozaliwa, alimobaki peke yake, akakaa kitandani muda mrefu bila kuvaa viatu.

Ulibaki mlango mmoja tu, wa mbele. Huo ulikuwa wa mbao ngumu, mzito, kazi ya baba yao, ambaye naye alikuwa seremala. Fundi alikwishauchora mstari wa penseli ukingoni, mahali pa kukata. Alikuwa ametoa bisibisi ili alegeze bawaba, Kinyozi akiwa tayari kuubeba, waliposikia teksi inasimama.

"Kamanda huyo," Kinyozi alinong'ona, akapangusa maganda ya karanga magotini.

Kamanda lilikuwa jina walilompa dada mkubwa tangu utotoni, na hakuwahi kulikataa. Aliongea tangu akiwa kwenye teksi. "Polepole, mama, mguu huu kwanza. Sio huo. Fundi! Umemaliza?"

"Bado mmoja, dada."

"Bado mmoja! Tangu alfajiri!"

"Shikamoo, mama," Fundi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Niache, niache, nitafungua mwenyewe." Mama alisimama mbele ya mlango, akakusanya khanga yake begani. Alishika kitasa kwa mikono yote miwili, akaguna, akauinua, akausindikiza kwa goti. Ukaingia ndani na kishindo chake kizito. Akatabasamu kama mtu aliyesalimiwa kwa jina.

"Unaona?" Kamanda alimwambia mdogo wake. "Ndivyo anavyofanya kwangu. Wiki iliyopita ameung'oa mlango wa choo. Ameubeba mkononi, ananiuliza auweke wapi!"

"Milango yako ni ya maboksi," mama alisema bila kugeuka. "Haina mzigo."

Alikuja kuchukua kiti chake cha kamba, kilichobaki jikoni. Alipita ukumbini polepole, akigusa ukuta mpya wa chokaa, kisha akaangalia vidole vyake vilivyokuwa vyeupe. Alipofika jikoni alishika kitasa, akauinua mlango kwa nguvu zake zote, kama kawaida, akasukuma. Mlango ukaruka. Mama akaufuata, na kama Kamanda hangemdaka mkono angeanguka kifudifudi.

"Mama!"

"Sijambo. Sijambo." Alisimama, akapumua. Akaufunga mlango ule. Akaufungua. Akaufunga tena, akisikiliza. "Hausemi kitu," alisema.

"Nimeupitisha randa, mama," Fundi alisema. "Sasa hata mtoto anausukuma."

"Naona, baba. Umefanya kazi nzuri."

Alikaa kwenye kiti chake cha kamba, hapo hapo kilipokuwa, akielekea mahali pa jiko. Hakuonyesha dalili ya kuinuka. Kamanda akatazama saa.

"Mama," Fundi aliuliza, na lilikuwa swali lililomjia siku hiyo tu, katikati ya kazi, "baba alikuwa seremala. Kwa nini hakuirekebisha milango? Kazi ya siku moja hii."

"Alitaka. Kila mwezi alitaka. Mimi ndiye niliyemkatalia."

"Wewe?" Kamanda alisema. "Nimeumia vidole mara ngapi mimi!"

"Nilikuwa hapa jikoni kutwa, nimeupa mlango wa mbele mgongo, na nyumba imejaa watu. Nyinyi, wapangaji, wenzenu wa shule. Ningejuaje nani ameingia? Kila mtu aliinua kwa namna yake. Nilisikia kishindo tu, nikajua ni nani, nikajua kama kashiba au ana njaa." Alipapasa kamba za kiti. "Kule ghorofani mlango hauniambii chochote. Nageuka, namkuta mtu amesimama. Nashtuka kila siku."

Kinyozi alikohoa, akasema labda yeye aende, kuna mteja. Hapakuwa na mteja, wote walijua.

"Hakuna kwenda," mama alisema. "Tokeni nje. Wote watatu. Kisha mwingie mmoja mmoja."

"Mama, teksi inasubiri," Kamanda alisema.

"Itasubiri. Toka."

Walitoka. Walisimama mtaani mbele ya mlango uliofungwa, watu wazima watatu, kama watoto waliokatazwa kuingia na tope. Dereva wa teksi aliwatazama, akazima injini.

"Anza wewe, dada."

"Haya mambo gani lakini." Kamanda akashika kitasa, akainua kwa mkono mmoja, akaupiga mlango teke chini, pale pale ubao ulipokuwa umelika kwa mateke yake ya miaka.

"Kamanda!" sauti ya mama ilitoka jikoni. "Na viatu vyako umevivaa!"

Fundi alimsikia dada yake anacheka huko ndani, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu msiba wa baba yao. Kisha ikawa zamu ya Kinyozi, aliyeinua kidogo, akaacha, akainua tena.

"Kinyozi! Tangu lini unaogopa mlango? Karibu."

Fundi aliingia wa mwisho. Aliinua kwa bega, kama alivyoinua siku zote, akasukuma.

"Huyu wangu," mama alisema. Hakulitaja jina.

Walikusanyika jikoni, wakasimama mlangoni pake. Mama alikuwa bado ameupa mlango wa mbele mgongo, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Na baba?" Kamanda aliuliza polepole. "Yeye alikuwa anaingiaje?"

"Baba yenu sikumsikia. Aliuinua wote, taratibu, asiuburuze hata kidogo. Nilihisi tu upepo wa nje miguuni, nikajua amerudi." Akapapasa tena kamba za kiti. "Wote mmeingia?"

"Wote, mama."

Hakugeuka. Aliendelea kusikiliza, nao wakasikiliza pamoja naye, mpaka dereva alipopiga honi.

"Haya," mama alisema, akanyoosha mkono ainuliwe. "Twendeni. Ule wa mbele, Fundi, ukate kesho. Leo nataka nitoke nikiinua."

"Mama, yule mama wa mikate anakuja asubuhi," Kamanda alisema. "Akikuta mlango unakwama? Tukimpoteza huyu?"

Mama akamtazama Fundi. "Utawahi?"

Fundi aliufikiria mlango: uzito wake, ugumu wa mbao zake, mwendo wa mkono wake mwenyewe. "Nitawahi," alisema. "Naanza kabla jua halijatoka."

"Basi. Sitaki tumkose mama wa watu. Nataka kukaa chini, mwanangu. Nataka kukaa barazani niwaone watu nyuso zao." Alisema hivyo bila huzuni sautini. Lakini alipofika mlangoni hakumruhusu mtu kumsaidia. Aliuinua, akaguna, akatoka, kisha akageuka akaufunga mwenyewe.

Kiti cha kamba kilifungwa juu ya teksi. Kinyozi akarudi kwa paka wake. Fundi akafagia maranda, akayatia gunia, akapanga patasi na misumari yake. Randa akaiweka kwenye dirisha la mbele, tayari. Alitazama mstari wa penseli ukingoni mwa mlango. Ulikuwa umenyooka. Unene wa kidole tu, na baada ya hapo yeyote angeingia kwa kiuno.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya kiwanda. Fundi alitoka nje, akaufunga mlango, akasimama pale kama mgeni. Kisha akashika kitasa kwa mikono miwili, akauinua wote, taratibu, akijaribu usiguse chini. Uliburuza. Akaufunga, akarudia, safari hii akainama akaweka nguvu magotini. Ulitoa sauti ndogo tu mwishoni. Akarudi nje tena.

"We Fundi!" Kinyozi aliita kutoka kwenye kiti chake, ng'ambo ya mtaa mtupu. "Unaingia au unatoka?"

"Naingia!"

"Basi inua kwanza!"

Fundi alicheka, akafuta mikono kwenye suruali, akashika kitasa upya. Randa ilikuwa dirishani ikingoja asubuhi.