Je, Petro Alikula?

Kanisa letu la Kendu Bay lilinituma mpakani, upande wa Migori, nihubiri nyumba kwa nyumba kwa mwezi mmoja. Milango iliyofunguka ilikuwa michache. Majirani walinipa jibu moja: anza na Bhoke, akikubali tutakusikiliza. Bhoke alikuwa mkunga wao, mwanamke wa Kikuria anayefuata dini ya wazee wake, na nusu ya watoto wa pale walizaliwa mikononi mwake. Aliniruhusu nije siku moja tu.

"Nionyeshe mahali kitabu chako inasema ukuje kwangu," aliniambia. "Nikiona ni maneno tu, usirudi."

Nikaenda nimejiandaa kama mtu wa mtihani. Kumbe alikuwa amepika. Katikati ya meza alilala kambare mzima kwenye mchuzi, masharubu na yote. Katika kanisa letu hatuli samaki asiye na magamba, na mimi nimefundishwa hivyo tangu utotoni.

"Karibu chakula, mwalimu."

"Asante mama, nimeshiba," nikasema, na tumbo langu halikuwa limeona kitu tangu chai ya alfajiri. Akaisogeza sahani kando.

Nikafungua Biblia haraka, nikamsomea pale Yesu anapowatuma wanafunzi wake kwa mataifa yote.

"Hiyo ni amri yenu nyinyi," akasema. "Askari akitumwa, si lazima apende mahali anaenda. Mimi nauliza, huyo Mungu wako ananijua?"

Mimi nikikatizwa hupandwa na hasira mara moja. Lakini swali lile lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kanisani. Nikarudi nyuma kabisa, hadi kwa Ibrahimu, anapoahidiwa kwamba kupitia kwake jamaa zote za dunia zitabarikiwa.

"Zote? Hata Wakuria?"

"Hata Wakuria. Hata sisi Wajaluo, maana na sisi tuliletewa habari hii na wageni."

"Endelea," akasema.

Nikaona sasa nimempata. Nikamsimulia habari za Petro, Myahudi ambaye hakuwa akiingia nyumba ya mgeni. Katika maono alionyeshwa nguo kubwa ikishuka kutoka mbinguni na wanyama waliokatazwa, akaambiwa ale, akakataa. Baadaye akaelewa kwamba Mungu alikuwa akimwambia juu ya watu. Akaenda kwa Kornelio, askari wa Kirumi, akaingia ndani.

Bhoke alikuwa ameinama kuelekea kwangu. "Sawa, aliingia. Alikula?"

Imeandikwa wazi kwamba Petro aliporudi, wenzake walimgombeza kwa kula na watu wale. Nimefundisha kisa hicho miaka kumi na moja, na hapo huwa napita mbio.

"Alikula nao," nikasema.

Bhoke hakuitazama sahani. Niliyeitazama ni mimi, na aibu ikanishika vibaya.

"Mama, nimekudanganya. Nina njaa. Kanisa letu halili samaki huyu, nikaogopa ukijua utanifukuza."

"Jana nilienda mpaka Migori kumtafuta," akasema polepole. "Niliambiwa watu wa ziwa hamwezi kula bila samaki."

"Nisamehe, mama."

"Si ungesema tu? Ningepika mboga."

Nilikuwa nimekuja kumfundisha, na haikunijia hata kidogo kwamba naye alikuwa akihangaika kwa ajili yangu.

Akaingia jikoni, akarudi na mboga za jana na ugali mmoja mkubwa, akauweka katikati yetu. Yeye akala kambare, mimi mboga, tukimega ugali uleule. Biblia hatukuifungua tena. Aliniuliza habari za watoto wangu, nami nikamuuliza za wale aliowazalisha, akanichekesha sana.

Jua lilipopungua alinisindikiza hadi barabarani. Nilitaka kujua kama nitaruhusiwa kurudi, lakini sikuthubutu kuuliza.

"Kesho ukuje mapema," akasema. "Na ukuje na njaa."